Insha za madogo ziingie mtandaoni: mwongozo kamili kwa ticha mwenye simu moja na darasa la watu 60

Kila mwalimu wa Kiswahili hapa Dar analijua lile rundo. Madaftari 63 juu ya meza ya ofisi, kichwa cha insha "Siku nisiyoisahau", ukifungua la kwanza linaanza "Siku moja nilipokuwa", la pili vilevile, la tatu vilevile, ukifika la ishirini kalamu nyekundu inatembea yenyewe we unawaza daladala ya kurudi Mbagala. Unasahihisha, unagawa, dogo anaangalia alama, anafunga daftari, imeisha hiyo. Hakuna mtu mwingine atakayekuja kuisoma ile insha mpaka daftari lifungiwe maandazi.

Nimefundisha hivyo miaka mingi tu, mpaka siku nilipowaambia kidato cha pili kwamba insha kumi zitaingia kwenye kijitabu cha PDF na kitatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Kuna dogo mmoja wa benchi la nyuma, yule ambae kumpata aandike nusu ukurasa ni ugomvi, akaja ofisini mara nne na daftari lake. Mara nne! Namuuliza kulikoni, ananiambia "Madam, bibi yangu yuko Newala, baba mdogo kasema atamsomea kwenye simu, sasa hapa nimeandika 'bibi alikuwa mkali', si atakasirika? Niweke neno gani?" Tukakaa tukatafuta, tukaishia na "bibi alikuwa hana mchezo". Uteuzi wa maneno nimemfundisha mwaka mzima haukuingia, bibi wa Newala kauingiza kwa siku moja.

Basi tangu hapo nimekuwa nikifanya hii kitu kila muhula, nimekosea sana njiani, na humu naeleza jinsi ninavyofanya sasa hivi. Siyo lazima uwe na chumba cha kompyuta. Ukiwa nacho, heri yako.

Hatua ya kwanza: tafuta msomaji, programu baadae

Wengi tunaanzia kinyume, tunafungua akaunti kwanza, tunachagua rangi, tunaweka picha ya mwenge, alafu ndo tunajiuliza tuweke nini. Anza na swali hili moja, nani atasoma? Na "dunia nzima" siyo jibu, dunia nzima haijui hata shule yenu iko kituo gani. Msomaji awe mtu ambae dogo anaweza kumfikiria usoni. Wazazi ni rahisi kuliko wote. Darasa la tano la shule ya msingi ya jirani pia ni wasomaji wazuri, maana hadithi ikiwachosha wanaonyesha palepale, hawana adabu ya kujikaza. Ila kilichonibamba mimi kuliko vyote ni kijitabu cha kidato cha pili kuwaandikia watoto wanaoingia kidato cha kwanza Januari: gari gani la kupanda, saa ngapi uwe kituoni, konda akikataa nauli ya mwanafunzi ufanyeje, mwalimu gani ukichelewa kipindi chake umekwisha (hapo nilipunguza majina). Pale nilipata maelekezo, maelezo, masimulizi, kila aina ya insha iliyomo kwenye silabasi, na hakuna aliyeuliza "madam, kurasa ngapi?"

Na hili wala halijaletwa na intaneti. Gazeti la Mambo Leo lilivyoanza hapahapa Dar mwaka 1923, likitolewa na idara ya elimu ya serikali ya mkoloni, watu walikuwa wanatuma mashairi yao kutoka mikoani huko, na mtu alikuwa anapima vina na mizani kwelikweli kwasababu anajua wanaosoma ni mafundi wenzie, ukikosea mizani moja unaaibika pwani nzima. Huko Ufaransa nako kulikuwa na mwalimu anaitwa Célestin Freinet, mwaka 1924 aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani kwenye kijiji cha Bar-sur-Loup, watoto wakawa wanapanga herufi za madini ya risasi kwa mikono yao wanachapa walichoandika wenyewe, baadae wakabadilishana kazi na shule nyingine. Mashine yetu sisi ni simu, na haichafui mikono.

Hatua ya pili: ruhusa, na hapa usipite haraka

Mwaka wa kwanza nilipita haraka. Niliweka kwenye ukurasa ulio wazi insha ya binti mmoja kuhusu baba yake na pombe, insha nzuri mno, nilibadilisha jina la binti nikajiona nimemaliza. Kumbe ndani mle nimeacha kazi ya baba, nimeacha mtaa, nimeacha na gereji ya kona karibu na msikiti. Jumatatu asubuhi mama yake kaja shuleni na khanga yake kichwani, hakunigombeza hata kidogo, aliniambia tu "Mwalimu, mtoto kaandika ukweli, ila sasa mtaa mzima unatusoma sisi." Nikaitoa palepale. Skrinishoti zilishapita zamani.

Kwa hiyo sasa sianzi bila vitu hivi. Kwanza mkuu wa shule aandikiwe na ajibu kwa maandishi, siyo ile ya kukutana kwenye korido "sawa sawa madam endelea". Pili fomu ya mzazi, karatasi moja, kwa Kiswahili, iwe na mambo matatu ya kuweka tiki: kazi ya mwanangu isomwe na darasa tu, isomwe na wazazi wa shule, iwekwe mtandaoni mtu yeyote aione. Mzazi anachagua, na anaandikiwa wazi kwamba anaweza kubadilisha mawazo muda wowote kazi ikatolewa. Tatu mtoto mwenyewe aulizwe, maana kuna wazazi wanaosaini chochote na kuna mtoto hataki.

Hii siyo heshima tu, ni sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye lile fungu la taarifa nyeti. Na mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni yeyote chini ya miaka 18, kwa hiyo hata lile jibaba lako la kidato cha nne lenye ndevu huenda ni mtoto.

Kwa vitendo: jina la kwanza tu au jina la kalamu (madogo wanapenda sana majina ya kalamu, nina "Mzee wa Kivuko" na "Binti Mwembe"), hakuna jina la tatu, hakuna namba ya simu, hakuna picha ya sare inayoonyesha beji ya shule, hakuna "huwa napita njia hii saa kumi na mbili asubuhi peke yangu". Mambo ya nyumbani yanayoumiza, ugonjwa, ugomvi, talaka, mtoto aandike kama anataka kuandika, ila msomaji wake ni wewe, na kama ameandika jambo la kudhurika basi hapo siyo suala la insha tena, nenda kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo.

Kuna na TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Mnakumbuka 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni, mtu mwenye ukurasa wake wa kuandika alitakiwa leseni ya milioni moja kwa mwaka na laki moja ya maombi juu yake, wengi wakafunga. Kanuni ziliandikwa upya 2020 zikarekebishwa tena 2022, kwa hiyo usitembee na ulichosikia enzi zile, chukua toleo la sasa mkalisome na mkuu wa shule kabla hamjaenda wazi kwa umma. Ushauri wangu ni kwamba muhula wa kwanza usiende wazi kabisa. Fanya kazi ya linki ya ndani na PDF ya wazazi, na msiandike habari za matukio, andikeni insha, hadithi na mashairi. Kama shule ina tovuti yake tayari, omba kona humo.

Hatua ya tatu: chagua zana mbili, basi

Utakutana na watu watakaokutajia zana kumi na tano. Wasikilize, washukuru, chukua mbili. Moja ya kuandikia na kusahihishana, moja ya kuonyeshea.

Ya kuandikia mi nimetulia na Google Docs. Ni bure, inafanya kazi kwenye simu hata mtandao ukikata kama umeliweka faili litumike bila mtandao, watu wengi wanaingia faili moja kwa pamoja, na ina ile historia ya matoleo ambayo nitaisifia huko mbele. Akaunti ya Google inataka mtu awe na miaka 13, na kidato cha kwanza wengine hawajafika, kwa hao tumia akaunti ya shule. Kwenye kompyuta unaweza pia kufungua faili kwa linki bila mtu kuingia na akaunti, ila sasa wote wanaonekana kwa majina ya wanyama, na siku ya kwanza nilipoteza nusu kipindi kwasababu kila mtu anataka kujua nani ni mnyama gani.

Ya kuonyeshea kuna njia tatu. PDF kwenye WhatsApp ndo mfalme wa Dar, haihitaji mzazi kujifunza chochote, inafunguka kwenye simu yoyote janja, bando inakula kidogo. Udhaifu wake ikishatoka imetoka, huwezi kuirudisha kosa likionekana. Google Sites ni tovuti ya bure unayoweza kuifunga ionwe na watu uliowachagua tu, na ina sehemu ya kuomba isionekane kwenye utafutaji wa Google. Alafu kuna Blogger na WordPress, hizo ni za kwenda wazi, nzuri kama mnataka kuandika mfululizo na watu wakoment, ila angalia habari ya TCRA hapo juu na uweke koment zipite kwako kwanza kabla hazijaonekana. Ukiniuliza mimi: mwaka wa kwanza PDF, wa pili Sites, ya tatu mtaijua wenyewe. Canva kwa ajili ya jalada ni sawa, walimu wanapewa bure toleo la elimu wakithibitisha kazi yao, lakini angalia, darasa linaweza kukaa wiki mbili kwenye jalada na insha bado ziko "Siku moja nilipokuwa".

Hatua ya nne: maneno yaingieje kwenye simu wakati simu shuleni marufuku

Simu kwa mwanafunzi shuleni hairuhusiwi, na sina mpango wa kubishana na utaratibu huo hapa. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono, darasani, kipindi cha dakika 40, mbele ya macho yako. Hii ni faida kubwa, siyo pengo, utaona kwanini.

Baada ya hapo nimejaribu njia nne. Chumba cha kompyuta kikiwepo, pangeni zamu, wawili kwa mashine moja, mmoja anasoma mwingine anachapa, alafu wanabadilishana. Au wachape nyumbani wikiendi kwa simu ya mzazi, hapo wape siku tatu siyo moja, maana simu ni ya baba na baba anarudi saa nne usiku. Au upige picha karatasi, uifungue kwenye Google Lens ikusomee mwandiko, uikopi upesti, inasaidia kwa wenye mwandiko ulionyooka, kwa wengine inakuletea lugha isiyo ya nchi yoyote.

Njia ya nne ndo ninayoipenda. Kibodi ya Google, Gboard, inasikia Kiswahili kwa sauti tangu 2017, dogo anasoma insha yake kwa sauti na maneno yanajichapa. Inamwaga maneno bila nukta wala mkato, na hapo ndo uhondo ulipo, maana inabidi arudi kuziweka mwenyewe na safari hii anasikia pumzi yake iliishia wapi. Nimefundisha alama za uandishi kwa njia hii kuliko kwa ubao.

Jambo moja dogo litakalokuokolea machozi: kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kiswahili. Simu iliyowekwa Kiingereza peke yake inajifanya inasahihisha, "kama" inageuka "karma", "sasa" inageuka "salsa", na nilishawahi kupokea shairi zima la mapenzi ya mama lenye salsa tatu.

Hatua ya tano: rasimu, hapa ndo darasa lenyewe

Mtu akiniuliza zana za mtandaoni zinasaidia nini kwenye kuandika, namwambia zinasaidia kuandika upya. Daftari linachosha kurudia. Ukimwambia dogo anakili ukurasa mzima kwasababu ya sentensi mbili, atakununia, na ana haki. Kwenye faili anabadilisha zile mbili tu.

Gawa darasa makundi ya watano watano. Darasa la 60 linakupa makundi 12, kila kundi faili moja, kila mtu ana sehemu yake humo. Alafu weka sheria ya koment. Kila mtu anasoma kazi za wenzie wawili na anaandika mambo matatu tu: sentensi aliyoipenda, ainakili kama ilivyo; mahali alipopotea; na swali moja analotaka kujibiwa. Neno "nzuri" limepigwa marufuku. "Nzuri sana hongera" nalo limepigwa marufuku, na emoji za moto pia. Mwanzoni watanung'unika, wiki ya tatu wanauliza maswali kuliko mpelelezi.

Ngoja nionyeshe. Huyu ni wa kidato cha pili, rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Siku hiyo kulikuwa na foleni kubwa sana barabarani na watu wengi walikasirika sana. Nilichelewa sana kufika shuleni."

Wenzie wakamuuliza: foleni wapi? Nani alikasirika, alifanya nini? Ulikuwa umekaa au umesimama? Mi sikuandika chochote, niliweka alama ya rangi kwenye zile "sana" tatu nikaondoka. Rasimu ya tatu:

"Pale Buguruni gari likasimama mpaka konda akashuka, akanunua muhogo, akala, akarudi, bado tuko palepale. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasema, wenzangu barafu yangu inayeyuka. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaanza kuhesabu fimbo."

Angalia, hakuna neno kasirika humo ndani, hakuna "kubwa", na kila mtu kwenye lile gari ana hasira. Na hakufundishwa tamathali yoyote siku hiyo, aliulizwa tu maswali na watu waliotaka kujua. Ile "kuhesabu fimbo" ilinikera kidogo kama mwalimu, nikaiacha.

We kazi yako kwenye hatua hii ni kujizuia. Google Docs ina namna ya kupendekeza, unaandika na dogo anaona pendekezo lako kwa rangi anakubali au anakataa, na inatamanisha kweli kupitia mstari kwa mstari ukanyoosha kila kitu. Usifanye. Ukinyoosha wewe, mwisho wa siku unachapisha insha yako kwa jina lake, na mzazi anayemjua mwanae atagundua kwenye sentensi ya pili. Weka alama mahali penye tatizo, aandike yeye.

Makosa ya tahajia yaache mpaka mwisho kabisa, kipindi kimoja maalumu. Mi huwa natafuta makundi matatu tu: r na l (kura na kula, mtu "alikura wali" bado anaishi kwenye daftari zetu), h inayoingia isipoitwa na kukimbia inapoitwa, na maneno yanayotenganishwa au kuunganishwa ovyo. Na mi mwenyewe humu naandika "kwasababu" kwa pamoja toka mwanzo, najua, msiniige.

Rasimu ngapi? Tatu. Ya mkono, ya baada ya koment, ya mwisho. Ukizidisha wanachoka, ukipunguza hujafanya kitu.

Kuhusu ChatGPT na wenzake

Tangu mwisho wa 2022 kila mwalimu anauliza hili: utajuaje kama insha kaandika dogo au kaandikiwa na programu? Kazi iliyotengenezwa na programu utaijua, inaanza na "Katika ulimwengu wa leo", haina mtaa, haina konda, kila aya ina urefu sawa. Lakini kujua siyo ushahidi, na kumshika mtoto uongo mbele ya darasa kwa hisia zako ni dhambi. Ndo maana rasimu ya kwanza ni ya mkono. Kwenye kompyuta ukiingia menyu ya Faili kuna historia ya matoleo, inakuonyesha kazi ilivyokua: aliyeandika kweli, utaona anaongeza, anafuta, anarudi, aliyepesti utaona ukurasa mzima umezaliwa kwa sekunde moja. Hata hapo muulize kwanza, wengine wanaandika kwenye ujumbe wa WhatsApp ndo wanahamisha.

Picha na haki za kazi

Fupi tu. Insha ni mali ya mwanafunzi, siyo ya shule wala yako, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi hata akiwa na miaka 14. Picha za kuokota Google ni mali za watu. Waambie wachore wenyewe, piga picha mchoro mchana dirishani, inatosha na inapendeza zaidi. Mkitaka picha za kupiga, kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Wikimedia Commons zipo za kutumia bure kwa masharti yaliyoandikwa chini ya kila picha, na kawaida ni kumtaja mpigaji. Wapeni na wanafunzi wachague kama wanataka kazi zao ziwe na leseni ya Creative Commons (ile ya mtunzi kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti) au hapana, utashangaa mjadala unaotoka humo kuhusu nani ana haki ya kukopi nini, hao hao waliokuwa wananakiliana homwork jana.

Siku ya kutoa

Kusanya kazi zote kwenye faili moja, weka yaliyomo, jina la kijitabu wapige kura, alafu mtu ambae hajawahi kuisoma kazi hiyo aisome yote kwa sauti mara ya mwisho. Siyo wewe, umeshaisoma mpaka macho hayaoni kitu. Pakua kama PDF. Docs inatoa na EPUB kama kuna wenye programu za kusomea vitabu, ila kwa wazazi PDF. Ikiwa nzito, chanzo ni picha, zipunguze ukubwa kwanza ndo uziweke. Na tuma kama dokumenti, ukituma picha za kurasa WhatsApp inazibana maandishi yanakuwa ukungu.

Tumeni Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Jumanne saa nne nilijaribu, kijitabu kikazama chini ya ujumbe wa mchango wa mahafali.

Alafu printi hata nakala tano. Najua tunaongelea mtandaoni, ila kuna nyumba simu janja ni moja na ni ya mtu asiyetulia. Kijitabu cha A5 kinatoka kwenye A4 iliyokunjwa katikati, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: karatasi nne mbele na nyuma zinakupa kurasa 16. Steshenari waambie "kijitabu cha kukunja", wanajua, ila simama hapohapo uone ukurasa wa kwanza unavyotoka maana wakikosea upande, ukurasa wa 3 unasoma chini juu.

Wasomaji wakijibu

Wazazi watatuma sauti. Dakika tatu za "hongera sana mwalimu Mungu akubariki". Wapeni kazi, mwisho wa kijitabu andikeni swali moja: "Mstari gani umekukumbusha kitu? Tuandikie." Majibu yaliyokuja kwangu, mzazi mmoja alieleza Kariakoo ya utotoni kwake ukurasa mzima, tukaiweka kwenye toleo la pili na mwanae akawa anatembea kifua mbele. Koment zote zipitie kwako kwanza, na ikija ya kumcheka mtoto unaifuta bila mjadala.

Alama mi natoa kwa safari siyo kwa kijitabu: rasimu zote tatu zipo, koment alizowapa wenzie ni za maana, amebadilisha nini na kwanini. Ambae mzazi wake hakukubali kazi iende nje anapata alama zilezile.

Wakishazoea

Kuna sehemu mbili za kuwapeleka mbali zaidi. Ya kwanza Wikipedia ya Kiswahili, ipo tangu 2003, na ina makala nyingi za kata za Tanzania zenye sentensi mbili tatu tu zinasubiri mtu. Akaunti haihitaji hata barua pepe. Ila huko siyo pa insha, kila unachoandika lazima uonyeshe umekitoa kwenye chanzo gani, "bibi kaniambia" hakipiti, kwa hiyo inabidi mwende Maktaba Kuu pale Bibi Titi mkatafute. Ukitaka kufundisha tofauti ya maoni na taarifa, siku moja ya wahariri wa Wikipedia kufuta sentensi yao inatosha.

Ya pili ni African Storybook, mradi wa shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini uliofunguliwa 2014, una hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika pamoja na Kiswahili, picha zipo humo za kutumia, mwanafunzi anaandika sentensi moja mbili kwa kila ukurasa. Inaonekana kazi rahisi mpaka ujaribu kumwandikia mtoto wa miaka sita.

Kabla hujafunga mwaka

Pakua kila kitu. Akaunti zinapotea, pasiwedi inasahaulika, mwalimu anahamishwa Desemba na tovuti ya darasa inabaki yatima. Nakala moja kwenye flashi ya ofisi ya taaluma, nakala moja ya karatasi kwenye maktaba ya shule, na tovuti iwe kwa akaunti ya shule, siyo barua pepe yako binafsi. Pitia orodha ya ruhusa, kama kuna mzazi aliyebadilisha mawazo toa kazi ya mwanae kote, hata kwenye ile flashi. Na kwa kijitabu cha kidato cha kwanza, mwachie dada wa maktaba nakala mbili, moja itaibiwa wiki ya kwanza ya Januari.